Enduru ya Landrova

Tulipokuwa tumekaa msibani kwa Mzee Ntaki, kule Rugera, alamu ya gari ililia barabarani. Gari lenyewe lilikuwa la kijana mmoja aliyetoka mjini, jeupe, limeegeshwa pembeni ya migomba, na pengine mbuzi alikuwa ameliegemea. Lililia kwa sauti zote za kisasa, ya polisi, ya ndege, ya mbwa aliyekanyagwa mkia, na hakuna hata mtu mmoja aliyeinua kichwa kutoka kwenye sahani yake. Mwenyewe aliingiza mkono mfukoni, akabonyeza kitu, likanyamaza, naye akaendelea kula. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama na tonge mkononi. Nina miaka hamsini na kitu, magoti yamechoka, nimefunga nyaya za magari mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na bado sauti ile inanitoa kwenye kiti. Venansia, binti wa marehemu, aliniona akacheka huku machozi yanamtoka. "Mama, kaa ule. Siku hizi hizo hazimwiti mtu." Nikakaa. Lakini moyo haukukaa, ulikwenda moja kwa moja Ihembe, kule Karagwe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka ambao nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha kuwatosha vijana wanne.

Nilifika Ihembe na cheti cha umeme wa magari, sanduku la mbao la vifaa, na barua ya misheni iliyolifupisha jina langu, Koku, ikaniita "Ndugu K., fundi", kwa hiyo walikuwa wamemtegemea mwanamume. Dereva wa zahanati, Laurenti, alinipokea akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kisha akachungulia nyuma yangu kuona kama fundi anafuata. "Fundi ndiye mimi," nikamwambia. "Karibu, waitu," akajibu, kwa neno la heshima la huko, akabeba sanduku langu kwa heshima yote, na tangu siku hiyo hakuacha kunitania mpaka alipostaafu. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo. Kulikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo lenye ubao badala ya kioo, na harufu ya spiriti iliyochanganyika na ya magunia ya kahawa. Ukuta wa upande mmoja haukufika kwenye bati, na ng'ambo yake ndiko kamati ya zahanati ilikokutana kila Jumatano alasiri. Sikuwa mdaku. Lakini maneno yaliruka ukuta yenyewe yakanikuta nimelala chali, nami sikuwahi kuyafukuza.

Jumatano ya kwanza niliwasikia wakimjadili mlinzi. Betri ya gari ilikuwa imeibwa mara mbili katika miezi mitatu, na betri wakati ule Karagwe haikuwa kitu cha kuagiza leo ukapata kesho. Gari lenyewe, landrova ya zamani ambayo boneti lake lilifunguliwa kwa nje bila ufunguo, ndilo lililowapeleka hospitali wajawazito walioshindwa kujifungua, wa kuanzia Ihembe mpaka vijiji vya Nyakakika. Lilikuwa na alamu, na king'ora chake kilining'inia ndani ya boneti. "Mlinzi anasema alamu ililia kidogo, ikanyamaza," ilisema sauti moja. "Alamu gani inalia kidogo? Ina haya?" ikajibu nyingine, watu wakacheka. Kisha ikaja sauti laini, ambayo baadaye nilijua ni ya Sosthenes, mwenye banda la video pale senta. "Waitu, mimi simsemi mtu. Ila mlinzi anayeibiwa na hapigi enduru, mnamwitaje? Na Mrundi huyu ana ndugu zake ng'ambo ya mpaka." Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kamugisha, alikohoa. "Basi iandikwe. Ikiibwa ya tatu, Ntaki aondoke, na gari lirudi makao makuu." Hapo nikamsikia Mama Paskazia, mkunga wetu, akiuliza, "Na wajawazito wangu niwabebe mgongoni?" Nilisikia kalamu tu ikiandika.

Niwaeleze enduru, kwa sababu wajukuu zangu hawaijui. Mtu akivamiwa, au nyumba ikishika moto, hupiga ukelele mmoja mrefu kwa kiganja mdomoni, na kila anayeusikia huupokea na kuupeleka mbele, huku anakimbia kuelekea ulikoanzia na chochote kilichoko mkononi. Huulizi kwanza. Asiyetoka huulizwa kesho yake alikuwa wapi, na jibu lake huwa zito kulitamka. Anayeipiga bure hutozwa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kukaa katikati ya watu wakimsema. Kwa hiyo swali la Sosthenes lilikuwa na meno, na mimi mwenyewe nililala nalo.

Ntaki nilikuwa nimeshamwona. Alikuwa mwembamba, mrefu, na koti la mvua la kijani alilolivaa hata kwenye jua. Asubuhi yangu ya kwanza aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, akaiweka mlangoni, akarudi hatua tatu nyuma, namna ya mtu aliyezoea kutoingia kwa watu. Alikuja Karagwe kijana, kuchuma kahawa ya wengine, akaoa, akapata kibanda nyuma ya zahanati na shamba la kuazima, akamaliza miaka ishirini na zaidi akiitwa mgeni bila mtu kukusudia ubaya. Jioni ya Jumatano ile nilikwenda jikoni kwake. Mkewe, Mama Venansia, alikuwa amepika ndizi na maharage chungu kimoja, Venansia mwenyewe akiwa mtoto wa mgongoni. Nilimsalimu Ntaki, "Shikamoo, mzee," akaitikia huku ananisogezea kigoda. Tukala. Nikamwuliza wazi, maana sijawahi kujua njia ya kuzunguka: kwa nini hakupiga enduru?

Alimeza kwanza tonge lake. "Alamu ililia hivi: wii. Basi," akasema. "Nilipofika, boneti liko wazi. Nikakimbiza mpaka kwenye mibuni, peke yangu na mkuki." Nikamwambia hilo silo nililouliza. Mkewe akainamisha uso kwenye chungu. "Mwanangu," Ntaki akasema, "wewe ukipiga, watakuja. Mimi sijui. Miaka yote hii nimekimbilia za wenzangu, yangu sijapiga hata moja. Nikipiga wasije, nitaishije nao hapa? Afadhali nisijue." Kisha akaniongezea maharage, kana kwamba tulikuwa tunazungumzia mvua. Nilimpenda mtu yule kuanzia hapo, nasema bila kuficha. Na nilikasirika, kwa sababu kati ya watu wote pale, mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuthibitisha kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli.

Kesho yake niliwaita Mwenyekiti Kamugisha na Mama Paskazia uani. Nilitingisha gari, king'ora kikaanza, kisha nikachomoa waya wa betri. Wii. Kimya. Alamu ile ilikula kwenye betri ile ile iliyokuwa inailinda, kwa hiyo mwizi mwenye koleo aliinyamazisha kabla mlinzi hajavaa viatu. Mama Paskazia alipiga makofi. Kamugisha, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda jambo likae sawasawa, alisema, "Hapo tumejua hakudanganya kuhusu sauti. Betri ziko wapi, hatujajua." Nikamwambia nitaiwekea alamu umeme wake wa akiba, uliofichwa, ili betri kubwa ikiondolewa ndipo ipige kelele zaidi. "Fanya," akasema. "Lakini ile karatasi ya kamati ipo pale pale."

Betri ya akiba niliipata kwenye pikipiki ya bwana shamba, pikipiki iliyokuwa haina matairi wala matumaini. Ilikuwa kuukuu, haikuweza kushika umeme wa zaidi ya dakika tatu za kelele, na nilisema hivyo, wakaniambia mpya itakuja. Niliificha chini ya kiti cha nyuma. Nikafunga rilei, kijiswichi kinachoshikiliwa na umeme wa betri kubwa. Betri kubwa ikiondoka, kinaachia, na ile ndogo inamimina umeme wake wote kwenye king'ora. Nilijiona bingwa. Laurenti akapanda, akawasha gari, na moshi ukatoka chini ya kiti. Nilikuwa nimesahau dayodi, kitu ambacho mwanafunzi wa muhula wa kwanza hakisahau: kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Bila hicho, stata ilivuta umeme kutoka kwenye kabetri kangu kupitia kijiwaya chembamba, kikaungua. Laurenti aliruka nje, akazunguka gari mara mbili, akaja kuniuliza kwa upole mkubwa, "Fundi, hii ndiyo alamu yenyewe? Mwizi ataona moshi akimbie?" Niling'oa dayodi kwenye alteneta ya lori bovu pale senta, nikaifunga na fyuzi juu yake, na safari hii ikakubali. Nilimwonyesha Ntaki swichi ya siri ya kuizima, nyuma ya kiti cha dereva. Nilimwonyesha na Laurenti. Mwingine sikumwambia, maana siri ni siri. Huo ndio ujinga wangu mkubwa wa mwaka ule, na nilikuwa na cheti.

Kwa sababu pale kwetu betri ya gari la zahanati haikuwa ya gari peke yake. Kukiwa na harusi, iliendesha redio. Jumapili yenye ibada kubwa, mwinjilisti aliifungua akaenda kufungia kipaza sauti cha kanisa, akairudisha mchana, na hakuna aliyeona haja ya kuomba. Mimi mgeni sikulijua hilo, na wenyeji hawakufikiri kwamba ni jambo la kumwambia mtu. Jumapili ya pili baada ya kazi yangu, kwaya ikiwa inajipanga, mwinjilisti akiwa na suti yake nyeusi na spana, alichomoa waya wa kwanza. King'ora kilipiga mpaka ndege wote wakaondoka kwenye mikaratusi. Mtu mmoja mlimani, ambaye hakuwahi kusikia kitu cha namna ile, alikipokea kwa mdomo. Mwingine akaupokea ukelele wake. Kabla sijafika uani, vilima vitatu vilikuwa vinakimbia. Watu walitoka mashambani na mapanga, wazee na mikuki, mama mmoja na mwiko wenye uji. Walimkuta mwinjilisti amekumbatia betri.

Kikao kilifanyika hapo hapo, chini ya ukuta wa kanisa, na nasikia hata leo kicheko cha Laurenti akijitahidi kukimeza. Nani amepiga enduru ya bure? Mwinjilisti alisema yeye hakufungua mdomo. Yule wa mlimani alisema yeye aliipokea tu. Mwishowe macho yakaja kwangu: nani aliyeipa landrova sauti? Nikatozwa kibuyu kimoja cha rubisi, nami nilikilipa, na mwinjilisti asiyekunywa akapewa kazi ya kukibeba. Tungeishia kwenye kicheko. Lakini Sosthenes alisimama, na sauti yake ile laini. "Wazee, mama zangu wamekimbia na ujauzito, kwa sababu ya debe. Likilia tena kesho, tukimbie tena?" Watu wakanung'unika kumkubali, na kusema kweli alikuwa na haki. Kamugisha akafikiri, akaamua: "Enduru hupigwa na mtu. Gari si mtu. Kuanzia leo landrova ikilia, ni ya Koku na Ntaki. Watu wasitoke." Nilimtazama Ntaki. Alikuwa amesimama nje ya duara, amevaa koti lake, anatikisa kichwa kukubali uamuzi uliomwacha peke yake na karatasi ya kamati. Nilirudi chumbani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na Mama Paskazia akaniletea chai akakaa pembeni ya kitanda.

Miezi ikapita. Betri mpya ya akiba haikuja. Nilikuwa ninaijaza ile kuukuu na kuisemesha kama mgonjwa. Jumatano zilipita juu ya ukuta na habari nyingine, bati, chanjo, choo. Jikoni kwa Ntaki nilikuwa nimeshakuwa mtu wa nyumbani, nabishana na mkewe kuhusu chumvi. Halafu akafa bibi mmoja wa kilima cha pili, mzazi wa nusu ya kijiji, na mchana wa mazishi zahanati ilibaki na Ntaki tu, maana hata mimi na Laurenti tulikwenda, na gari lilibaki uani.

Tulikuwa kaburini, mwinjilisti anaomba, king'ora kilipoanza ng'ambo ya bonde. Watu hawakutazama upande wa zahanati, walinitazama mimi. Mzee mmoja akanivuta sketi: "Kaa, binti, ni lile debe lako." Sikukaa. Nilikuwa ninahesabu. Kama Ntaki angekizima kwa swichi, kingekatika mara moja. Hakikukatika. Kilianza kuwa chembamba, kikashuka, kikakoroma, kikafa, na mimi nikajua maana yake: betri ndogo imekwisha, na kubwa haipo mahali pake. Nilimwambia Laurenti, akaanza kuwasukuma watu apite. Wengine wote walisimama walivyokuwa. Uamuzi ulikuwa uamuzi. Mwinjilisti akaendelea na sala. Nimefikiria dakika ile miaka yote hii, nikiwa na magari ya watu wengine mikononi, na bado naiona: bonde limetulia, na upande wa pili mtu mmoja ambaye hatutamwendea.

Ndipo tukasikia sauti. Ilikuwa enduru, lakini haikuwa ya kwetu. Ya kwetu huanza chini ikapanda. Hii ilianza juu kabisa ikashuka ikitetemeka, ikapanda tena, kama alivyofundishwa kwao Burundi alipokuwa mtoto, ambako neno lenyewe ni induru. "Ni yule Mrundi," mtu akasema nyuma yangu. Mwinjilisti akanyamaza. Nilimtazama Kamugisha, ambaye alikuwa ameshika jembe la kufukia, jasho linamtiririka kwenye kola ya shati la msiba. Ilipigwa mara ya pili. "Huyo ni mtu," Kamugisha akasema. Akatupa jembe, akaweka kiganja mdomoni, akaipokea, akaanza kukimbia na viatu vyake vya kanisani. Na mazishi yote yakamfuata. Walibaki mwinjilisti, jeneza, na wakongwe watatu, na baadaye wakongwe wale walisema marehemu mwenyewe angekimbia.

Ntaki tulimkuta amepanda juu ya boneti la landrova, damu inamtoka juu ya jicho aliposukumwa, macho ameyafumba, bado anapiga. Hakutuona tukifika. Vijana walipita moja kwa moja kwenye mibuni, na baada ya muda mfupi wakarudi na Sosthenes, baiskeli yake, na betri yetu ndani ya gunia chini ya mkungu wa ndizi. Kwenye banda lake la video walikuta nyingine mbili. Kulikuwa na mapanga mengi mle uani na hasira ya kutosha. Mama Paskazia alisimama akamkinga Sosthenes, mikono kiunoni. "Atakayempiga," akasema, "nitamshona mimi, na ganzi sina." Wakamfunga kwa kamba za migomba wakampeleka polisi akiwa mzima. Ile karatasi Kamugisha aliichana Jumatano iliyofuata, nilisikia ikichanika. Ntaki alibaki na kazi yake, wajawazito wakabaki na gari lao, na baadaye akapewa shamba la kwake kule Rugera, ambako tumemlaza juzi.

Lakini mchana ule wenyewe ulikuwa haujaisha. Anayepiga enduru, kwa desturi, humjibu mwenyewe kila anayefika, akiwa amesimama. Na watu waliendelea kufika, kwa sababu sauti ilikuwa imepokelewa kilima kwa kilima: kwanza walioko karibu, halafu wasiomjua hata kwa jina, wanahema, miguu ina matope hadi magotini. Kila mmoja aliuliza, "Kuna nini? Nani kapiga?" na Ntaki akajibu, "Ni mimi." Nilihesabu mpaka nikaacha. Mama Paskazia alitaka kumfunga jeraha, akamwomba asubiri. Nikaona ataanguka. Nikaleta kigoda, nikamshika begani, nikamwambia, "Mzee, imetosha. Kaa sasa."

Aliutoa mkono wangu taratibu, anatazama njia ya bondeni, ambako mabibi wawili walikuwa wanapanda kwa shida, mmoja ameshika jembe.

"Bado wanakuja, mwanangu," akasema.